Vocha inayotumika kabla haijauzwa

Swali: Mwalimu, hujambo? Nina biashara ndogo ya Wi-Fi hapa Nyalenda, Kisumu. Vocha ni shilingi 20 kwa saa tatu. Programu ya kutengeneza vocha niliandikiwa na mpwa wangu kwa lugha ya PHP, na inakaa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi pale kioski. Kila Jumatatu asubuhi inatoa vocha 200 za tarakimu sita. Nazichapisha, nazikunja, nazibana kwa pini na kuzifungia kabatini. Tangu mwezi uliopita wateja wananirudishia vocha wakisema imeshatumika, na pini bado iko mahali pake. Nimeangalia kumbukumbu za seva: aliyeingia hakukosea nambari hata mara moja, na vocha zilizoliwa zinafuatana kwenye orodha, ya 41, 42, 43 na kuendelea. Mpwa wangu anasema haiwezekani mtu kuzijua kwa sababu nambari ni za nasibu. Nimekunakilia mistari yake miwili: mt_srand(time()) na mt_rand(100000, 999999). Kabatini nina vocha kama 600 ambazo hazijauzwa. La pili, chama chetu cha kina mama 12 kinataka kutumia programu hiyohiyo kupanga nani atangulie kupokea mchango. Tunaweza?

Jibu: Dada yangu, sijambo, na pole kwa hasara. Mpwa wako hakudanganyi, anaamini anachokisema. Shida ni kwamba nambari zake ni za nasibu kwako wewe unayezitazama tu. Kwa mtu anayejua zilikoanzia, ni orodha ya kawaida kabisa, na yuko mtu karibu nawe ambaye amejua.

Nianze na zile kumbukumbu za seva, kwa sababu ulifanya vizuri sana kuzitazama kabla ya kumshuku mtu. Mwenye kuiba vocha ana njia tatu. Anaweza kujaribu nambari moja baada ya nyingine mpaka moja ikubali, na huyo huacha nyayo: mamia ya majaribio yaliyokataliwa kabla ya moja lililokubaliwa. Anaweza kuiona orodha yenyewe, kabatini au ndani ya mashine. Au anaweza kuikokotoa. Wako hakukosea hata mara moja, kwa hiyo si wa kujaribujaribu. Amefuata mpangilio wa orodha, kwa hiyo ama ameiona ama ameikokotoa. Sikatai kwamba anaweza kuwa ameiona, na nitakuonyesha mwishoni jinsi ya kulijua hilo. Lakini nikisoma ile mistari miwili, hakuhitaji kuiona.

Kompyuta haina bahati. Ukiipa kazi ileile na mwanzo uleule, italeta jibu lilelile leo na mwaka ujao. Kinachoitwa nambari ya nasibu ndani ya mt_rand ni hesabu ndefu inayoanza na nambari moja iitwayo mbegu. Mfikirie mchezaji karata ambaye mikono yake huchanganya kwa miondoko ileile kila siku. Ukimtazama kwa mara ya kwanza utaona karata zimevurugika kweli. Lakini ukijua zilivyopangwa kabla hajaanza, utazitaja moja moja anapozigawa, naye hatajua umezijuaje.

Hesabu hiyo inaitwa Mersenne Twister. Waliitengeneza Wajapani wawili, Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, na kuichapisha mwaka 1998. Si kazi mbovu, tafadhali usimwambie mpwa wako hivyo. Ni kazi nzuri sana kwa anayetaka kuiga hali ya hewa, foleni ya magari au mchezo wa kompyuta. Nambari zake zimetawanyika vizuri na hazianzi kujirudia mpaka uhesabu kiasi ambacho ulimwengu hauna muda nacho. Ila haikuwahi kuapishwa kutunza siri. Ndani yake kuna nambari 624 zinazoshikilia hali yake, na anayeona matokeo 624 kamili yanayofuatana anaweza kuijenga hali hiyo upya na kujua yote yatakayofuata. Mwizi wako hakufika huko. Aliachiwa mlango wa chini zaidi.

Mlango huo ni time(). Mstari wa kwanza wa mpwa wako unachukua saa ya mashine, kwa sekunde, na kuifanya mbegu. Siku nzima ina sekunde 86,400. Hizo ndizo mbegu zote zinazowezekana kwa Jumatatu moja, hata kama mwizi hajui uliamka saa ngapi. Kila mbegu inazaa vocha 200. Zidisha, upate nambari 17,280,000. Inasikika nyingi, lakini kompyuta ya mkononi iliyonunuliwa kwa mkono wa pili huzipitia kwa sekunde chache.

Sasa anafanya hivi. Ananunua vocha kwako, halali, shilingi 20. Anazalisha zile orodha 86,400 na kutafuta ni zipi zenye nambari aliyonayo. Kwa kuwa nambari zako ziko kati ya 100000 na 999999, yaani 900,000 kwa jumla, ataipata mahali kama 19 kwa bahati tu, na hawezi kujua orodha ipi ni yako. Hapo amekwama kidogo. Kwa hiyo ananunua ya pili kutoka fungu lilelile. Uwezekano wa orodha isiyo yako kuwa na nambari zote mbili ni chini ya nusu ya asilimia moja. Inabaki orodha moja, ambayo ni yako, na ndani yake mna vocha zako zote 200 za wiki hiyo kwa mpangilio uliozichapisha. Kwa shilingi 40 amenunua kabati lako. Nadhani alianzia ya 41 kwa sababu zile alizonunua zilikuwa hapo karibu na 40. Angalia, huenda hata ukakumbuka uso wake.

Msamehe mpwa wako, maana kosa hili limewapata wakubwa. Mwaka 1995, kampuni ya Netscape ndiyo iliyokuwa na kivinjari kilichotumiwa na wengi duniani, na ndicho kilichoahidi kulinda kadi za benki mtandaoni. Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Ian Goldberg na David Wagner, wakagundua kwamba funguo zake za siri zilitokana na saa ya mashine pamoja na nambari mbili ambazo mfumo huzipa programu zinapoanza. Funguo zilionekana ndefu na za kutisha, lakini mbegu ilikuwa ya kubahatishwa. Halafu kuna Debian, mfumo wa uendeshaji unaotumika kwenye seva nyingi. Mwaka 2006 mistari fulani iliondolewa kwenye OpenSSL yao, programu ya kutengeneza funguo za siri, ili kunyamazisha onyo la programu ya ukaguzi, na bila mtu kutambua, mbegu ikabaki ile nambari ya programu peke yake, ambayo haizidi 32,768. Watu wakatengeneza funguo za seva zao kwa karibu miaka miwili, mpaka Mei 2008, huku kila ufunguo wa aina na urefu fulani ukitoka kwenye kapu la elfu thelathini na kitu.

Na mimi pia. Miaka mingi iliyopita, Nakuru, kulikuwa na harambee ya ukumbi wa kanisa, nami nikajitolea kuandika programu kwa lugha ya C ya kuchagua tiketi ya mshindi wa mbuzi. Ijumaa jioni tukaijaribu na ikatoa tiketi fulani. Jumapili, mbele ya watu wote, ikatoa tiketi ileile. Sikuwa nimeweka mbegu yoyote, na C ikiachwa hivyo huanza na mbegu 1 kila inapowashwa. Mshereheshaji, aliyekuwepo Ijumaa, alinitazama tu. Mwenye tiketi akaondoka na mbuzi, mimi nikaondoka na jina.

Basi mbegu nzuri inatoka wapi? Inatoka nje ya hesabu, kwenye vurugu halisi ya vitu. Kerneli, yaani kile kiini cha mfumo wa uendeshaji kinachoongoza mashine yote, inapima mambo ambayo hakuna aliye nje anayeweza kuyajua kwa usahihi: pakiti ya mtandao imefika katika sehemu gani ndogo ya sekunde, diski imechelewa kiasi gani kujibu, prosesa imeyumba vipi katika kasi yake. Prosesa nyingi za kisasa zina pia sakiti ya kupima kelele za umeme ndani yake. Yote hayo yanachanganywa pamoja, na kiasi cha kutojulikana kilichomo ndicho kinachoitwa entropi. Ikishakusanya biti 256, yaani sifuri na moja 256, za kutojulikana kweli, kerneli ya Linux huzitumia kama ufunguo wa ChaCha20, ambao ni usimbaji fiche wa kweli, na kutoa nambari kadiri unavyotaka. Hata ukiona milioni ya nambari hizo, huwezi kurudi nyuma kuupata ufunguo wala kwenda mbele kuijua nambari ijayo. Hapo ndipo inapoachana na Mersenne Twister. Zote mbili ni hesabu, lakini moja imejengwa ili ichunguzwe na adui.

Kwa hiyo kazi ya programu yako si kutengeneza nasibu. Kazi yake ni kuiomba kerneli. Kwenye PHP ombi hilo ni random_int, na lipo tangu PHP 7 ya mwaka 2015. Futa mstari wa mt_srand wote, na mahali pa mt_rand andika random_int. Mabano na nambari zilizomo zinabaki kama zilivyo. Hakuna mbegu ya kuweka, na ukijikuta unatafuta mahali pa kuiweka, umepotea njia. Mpwa wako akipenda lugha ya Python, atumie moduli ya secrets, si random. Kwenye kivinjari ni crypto.getRandomValues, si Math.random.

Najua atakachojaribu kwanza, kwa sababu wote hujaribu: atachukua saa ileile na kuipitisha kwenye md5, kanuni ya kukoroga data, ili itoke ndefu yenye herufi. Mzuie. Mwizi naye ana md5, na sekunde zitabaki 86,400 tu, zimevalishwa suti. Uniqid, amri nyingine ya PHP, ni saa vilevile, kwa mikrosekunde, imeandikwa kwa namna nyingine. Na str_shuffle, ambayo wengi huitumia kukoroga alfabeti, ndani yake ni ileile Mersenne Twister. Hata usipoweka mbegu mwenyewe, PHP huiwekea mt_rand mbegu ya biti 32, yaani kama bilioni 4.3, na siku hizi hizo zinapitiwa zote kwa kompyuta moja ukiwa unakunywa chai.

Jambo moja kuhusu mahali kioski kilipo. Raspberry Pi, ukiacha toleo la 5, haina saa yake ya ndani. Stima ikipotea na ikarudi kabla mtandao haujashika, mashine huamka ikidhani bado ni wakati ule iliouandika mara ya mwisho kabla ya kuzimika. Kwa mbegu ya saa, hiyo ina maana kwamba mbegu inaweza kurudiwa, na fungu zima la vocha likatoka kama fungu lililopita. Kama umewahi kuona vocha mpya ikikataliwa kwa sababu nambari hiyo iko tayari kwenye daftari la seva, sababu inaweza kuwa hiyo. Random_int haijali saa. Kwenye Linux ya kisasa, mashine ikiwa imewashwa sasa hivi na kerneli haijakusanya vurugu ya kutosha, ombi husubiri kidogo badala ya kutoa kitu dhaifu.

Vifaa vidogo vinavyoamka vikiwa vitupu ni tatizo la kweli, si hofu ya vitabuni. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walikagua funguo za mashine zilizo wazi kwenye intaneti dunia nzima, wakaweza kukokotoa funguo za siri za aina iitwayo RSA za asilimia 0.5 ya zile zinazotumia TLS, yaani ule ulinzi wa mawasiliano ya tovuti. Nyingi zilikuwa ruta na vifaa vya aina hiyo, vilivyotengeneza funguo mara tu vilipowashwa, kabla havijakusanya chochote. Ukifungua kioski cha pili Manyatta kwa kunakili kadi ya kumbukumbu ya Nyalenda, mwambie mpwa wako atengeneze upya funguo za SSH, zile ambazo mashine hujitambulisha nazo mtu akiiingia kwa mbali, kwenye ile nakala, maana zitakuwa pacha.

Sasa naja kwenye sehemu ambayo wengi huiruka. Hata ukiwa na nasibu safi kuliko zote, tarakimu sita hazikutoshi. Una vocha 600 zilizo hai kati ya nambari 900,000. Hiyo ni moja katika kila 1,500. Mtu asiyejua hesabu yoyote, mwenye programu inayojaribu nambari mbili kwa sekunde kwenye ukurasa wako wa kuingia, atapata vocha kwa wastani wa dakika kumi na mbili na nusu. Benki hutumia tarakimu sita kwenye ujumbe wa simu na hawaibiwi hivyo, kwa sababu nambari yao ni moja, ya mtu mmoja, inakufa baada ya dakika chache, na ukikosea mara tatu unafungiwa. Zako zipo mia sita na hazina mwisho wa muda.

Chukua herufi kubwa zote isipokuwa I na O, na tarakimu zote isipokuwa 0 na 1, ambazo wateja huzichanganya. Zinabaki alama 32 kamili. Tumia nane kwa kila vocha, uzichapishe nne nne zenye nafasi katikati ili zisomeke kwenye mwanga hafifu wa jioni. Nambari zinazowezekana ni zaidi ya trilioni moja, na yule mjaribuji wa mbili kwa sekunde, akiwa na vocha zako 600 za kulenga, atahitaji kwa wastani kama miaka 29. Kila alama ichaguliwe kwa random_int(0, 31). Mpwa asichukue baiti, yaani nambari kati ya 0 na 255, akaigawanya mwenyewe na kutumia baki. Kwa 32 haitamdhuru, kwa kuwa 256 inagawanyika sawasawa, lakini siku atakayotaka tarakimu kumi, 0 mpaka 5 zitatoka mara 26 katika kila 256 na 6 mpaka 9 mara 25. Kwa vocha ya mtaani ni upuuzi mdogo. Kwa funguo fulani za kriptografia, upendeleo mdogo wa namna hiyo umetosha kuvunja saini za kidijitali. Random_int imeshalishughulikia, basi aiache ifanye kazi yake.

Ongeza pia kizuizi kwenye ukurasa wa kuingia: simu ikikosea mara tano, ingoje dakika kadhaa. Simu hubadilisha utambulisho wake kwa urahisi, kwa hiyo kizuizi hicho kisiwe ukuta wako wa pekee. Na zipe vocha ambazo hazijauzwa mwisho, mwezi mmoja unatosha.

Kuhusu chama. Random_int itawapangia kina mama 12 kwa haki kabisa, na mimi siwashauri muitumie. Nasibu ya droo ina sharti jingine ambalo vocha haina: wote lazima waone kwamba haikuchezewa. Programu iko kwenye mashine yako, imeandikwa na mpwa wako, na siku ukitokea wewe wa kwanza, utawaeleza nini? Huko Marekani, bahati nasibu ya majimbo kadhaa iitwayo Hot Lotto ilikuwa na mashine ya kuchagua nambari. Tiketi ya droo ya Desemba 29, 2010, iliyouzwa Iowa na yenye thamani ya dola milioni 16.5, ilinunuliwa na mkuu wa usalama wa mifumo wa shirika lenyewe. Ilikuja kujulikana kwamba alikuwa amepenyeza msimbo uliofanya nambari zitabirike siku fulani za mwaka. Alikiri makosa mahakamani mwaka 2017. Hakuna mtazamaji wa nje ambaye angeligundua hilo kwa kutazama nambari zenyewe.

Vikaratasi 12 kwenye kikapu, vimekunjwa sawa, kikapu kikatikiswa na mama asiyechota wa kwanza: hiyo inashinda kompyuta yangu. Kama mnakutana kwa simu na hamwezi kuchota, kila mmoja aandike kwa siri nambari kati ya 1 na 12, aikunje na kuiweka mbele ya kamera, kisha wote wafungue kwa pamoja. Jumlisheni, gawanyeni kwa 12, na baki iwaonyeshe mnaanzia nani kwenye orodha ya majina iliyoandikwa mapema. Baki ikiwa sifuri, anaanza wa 12. Hata kumi na mmoja wakila njama, mmoja aliyechagua kwa nasibu kweli anaivuruga njama yote, mradi hakuna anayeruhusiwa kubadilisha baada ya kuona za wenzake.

Turudi kioskini. Leo, futa kwenye seva vocha zote zilizo kabatini. Zilizo mikononi mwa wateja ziache zitumike, maana walilipa, na ukikosea hapo hasara ya jina itazidi ya shilingi 20. Programu ikisharekebishwa, tengeneza vocha 50 mpya na usizichapishe. Usimwonyeshe mtu, hata mpwa. Ziache ndani ya seva wiki moja. Zikibaki salama zote, tulikuwa sahihi kuhusu ile saa. Ikiliwa hata moja, basi kuna mtu anayesoma mashine yako kutoka ndani, na hapo utabadilisha nywila ya Raspberry Pi, ambayo nina hofu mpaka sasa ni ile iliyokuja nayo, kisha uniandikie tena.